Tasnifu Chini ya Ufunguo

Juzi nilirudi maktaba ya chuo nilichosoma, kutafuta tasnifu moja kuhusu tenzi za Lamu. Ipo. Jaladani wamegonga muhuri: ISITOLEWE NJE YA JENGO. Kupiga picha marufuku. Nikatoka getini, kijana wa kopi akanitolea vitini vya kozi nzima ya Nadharia za Fasihi kwa shilingi elfu sita. Sasa niambieni, maktaba ni ipi hapo?

Sidai riwaya zigawiwe bure. Mwandishi wa riwaya anakula kwa kitabu chake, tena akibahatika. Nazungumzia tasnifu, na kitini alichoandika mhadhiri kwa mshahara wa umma. Hivyo mkutubi angeviweka mtandaoni kwa leseni huria, kwa ridhaa ya mwandishi: jina lake linabaki, msomaji anapakua, mwalimu wa chuo kingine anaongeza mifano yake. Dhana hii ilipewa jina kwenye mkutano wa UNESCO mwaka 2002, na 2019 nchi wanachama wakapitisha pendekezo juu yake. Sisi bado tunagonga mihuri!

Eti tutaibiwa kazi. Jamani, tasnifu isiyosomwa ndiyo rahisi kuiba, maana nani atamtambua mwizi? Jarida la Swahili Forum linatolewa Ujerumani na liko wazi mtandaoni. Mwanafunzi wetu analisoma bure kwenye simu, kitandani. Tasnifu ya dada aliyemtangulia darasa hilohilo, mpaka apande ghorofa ya tatu akaombe ufunguo, na mwenye ufunguo yuko likizo.