Mbunge Aliyetoka Shambani

Kabeji na karoti nyingi tunazokula hapa Bujumbura huteremka kutoka milima ya Bugarama. Huko Muramvya ndiko alikotoka Paul Mirerekano, bwana shamba aliyesomea Astrida, nchini Rwanda, akasifika kwa kilimo cha mboga kabla ya kusifika kwa siasa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye aliwainamia wakulima, akawaandikia kijitabu cha siasa kwa Kirundi, lugha waliyoielewa.

Alimfuata Mwanamfalme Louis Rwagasore katika chama cha Uprona, kilichonyakua viti 58 kati ya 64 vya bunge Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo Rwagasore akauawa. Mirerekano, aliyekuwa Mhutu, na Waziri Mkuu André Muhirwa wakagombea uongozi wa chama, kila mmoja na kundi lake, hata ugomvi wa vyeo ukageuka kuwa wa Mhutu na Mtutsi. Tusimpake mtu mafuta kwa kuwa amekufa: katika mpasuko ule naye alikuwa na sehemu yake.

Mei 1965 wananchi walichagua wabunge 33, Mirerekano akiwa mmoja wao. Wahutu walipata viti 23. Lakini mfalme, Mwami Mwambutsa, hakumchukua Mhutu, bali alimteua Léopold Biha, mtu wa karibu yake, kuwa Waziri Mkuu. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Oktoba baadhi ya wanajeshi na askari wa jandarmeri wa Kihutu wakaasi, wakashindwa. Huko Muramvya Watutsi wakauawa, kisha Wahutu wakauawa kwa kisasi. Mirerekano akashukiwa kuhusika, akapigwa risasi, na Spika Émile Bucumi vilevile, pasipo hukumu ya haki.

Atakuwepo wa kusema kwamba waasi ndio walioanza kumwaga damu. Ni kweli, na mwasi ashitakiwe. Lakini ashitakiwe kwa tendo lake, mbele ya hakimu, apewe nafasi ya kujitetea. Anayemuua mbunge kwa shuku tu amewanyamazisha maelfu waliompigia kura, nao hufundishwa kwamba kura haina kazi.

Basi enyi wapiga kura, mchagueni mnayemjua kwa kazi yake, msimchague kwa kabila lake. Nanyi waheshimiwa, rudini mashambani mkawasikilize waliowatuma. Wenye dola waiheshimu kura hata inapowachoma, na aliyeshindwa asikimbilie bunduki. Damu ya mwaka 1965 ilizaa nyingine. Mnyororo huo tuukate sisi.