BREKI IKILIA, DEREVA ASIKIZWE



Sisi tunaokaa upande wa bara wa Mombasa, yaani Changamwe, Jomvu, Kisauni na Likoni, karibu sote twaenda kazini kwa magari yasiyo yetu. Mmoja hupanda matatu, wa pili huchukuliwa na basi la kampuni, wa tatu ni utingo katika lori la makontena. Na wako wenzetu wengi ambao kuendesha ndiyo kazi yao. Kwa hiyo habari ya breki si ya matajiri wenye motokaa tu. Ni habari ya uhai wetu, asubuhi na jioni.

Liko jambo linaloniudhi. Gari likilia breki, abiria hutazamana, mwingine hucheka, makanga huongeza sauti ya muziki, na safari huendelea. Siku gari likigonga, twasema, "Ajali haina kinga." Mimi nasema kwamba katika habari ya breki neno hilo ni la uvivu. Mara nyingi breki hupeleka habari mapema kabla haijakufa, siku nyingi au hata majuma. Kinachokosekana ni mtu wa kuisikia, na tena mtu mwenye ruhusa ya kusimamisha gari akiisha kuisikia.

Katika reli tumefundishwa kusikiliza. Tangu zamani za gari la moshi alikuwako mtu aliyepita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Tena gari haliondoki stesheni mpaka breki zijaribiwe. Dereva hufunga breki, na behewa la mwisho kabisa hutazamwa kama limeshika, kisha kama limeachia. Watu wa kuharakisha hawakosi, lakini kanuni ni kanuni. Nataka kanuni hiyo itoke relini iende barabarani.

Basi na tuzitazame sauti zenyewe, maana kusema tu "breki inalia" hakumsaidii fundi. Ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" asionyeshe mahali. Mwambie fundi mambo matatu: sauti ni ya namna gani, hutokea wakati gani, na hutoka gurudumu lipi.

Kwanza, mkwaruzo wa asubuhi. Sisi watu wa pwani tuna hewa ya chumvi. Gari likilala nje, hasa baada ya mvua, diski hushika kutu nyembamba usiku mmoja tu. Ukikanyaga mara ya kwanza hukwaruza. Sauti hiyo ikiisha baada ya kukanyaga mara chache, hakuna neno. Lakini ukiondoka Changamwe nayo ukafika Makupa nayo, hiyo si kutu tena, na gari lifunguliwe.

Pili, mlio mwembamba kama filimbi. Pedi nyingi za breki zimetiwa kibati kidogo cha chuma kwa makusudi. Pedi ikikaribia kwisha, kibati hugusa diski na kulia. Aliyekitia alitaka kikusumbue. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi au zaidi, na ikibaki milimita 3 ni wakati wa kuibadilisha. Ni kweli kwamba pedi ngumu za bei rahisi, au vumbi, huweza kulia hali bado nene. Lakini fundi asiseme "ni vumbi tu" kabla ya kutoa gurudumu na kutazama kwa macho yake.

Tatu, sauti ya kusaga, chuma kwa chuma. Hapa hakuna mjadala. Pedi au laini imekwisha, na sasa bati lake la nyuma linakula diski au dramu. Gari hili huchelewa kusimama na pengine huvuta upande mmoja. Mwenye gari aliyekataa kununua pedi sasa atanunua pedi na diski pamoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari la namna hii lisiendeshwe hata "mpaka jioni."

Nne, kugonga na kutetema. Ukikanyaga ukasikia "tak" mara moja, huenda boliti za kalipa zimelegea, au pedi inacheza mahali pake. Ukisikia mguu unatetemeshwa na pedali, na usukani unatikisika, basi diski haina unene ulio sawa pande zote. Boliti iliyolegea haijikazi yenyewe. Hiyo ndiyo ya kuangaliwa mbele ya yote.

Tano, sauti ya hewa, "sss." Hii ni ya malori na mabasi makubwa yenye breki za hewa. Zima injini, nyamaza, zunguka gari polepole ukisikiliza, na mwenzako akanyage breki huku ukisikiliza tena. Halafu tazama saa ya hewa kama mshale unashuka. Katika motokaa ndogo, sauti ya hewa chini ya pedali pamoja na pedali kuwa ngumu huonyesha kwamba chombo kinachousaidia mguu kinavuja.

Sita, ndugu zangu, ni ukimya. Breki yenye ugonjwa mbaya kuliko yote pengine hailii kabisa. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, na hapa petu hewa ina maji mengi. Mafuta yaliyozeeka hivyo, ukishuka mteremko huku umekanyaga breki muda mrefu, hupata moto na kuchemka. Pedali huzama mpaka chini kama unakanyaga godoro. Kwa hiyo dereva atokaye Mazeras kuteremka Miritini na mzigo, na atie gia ya chini kabla ya mteremko, asiitegemee breki peke yake. Na akisikia harufu ya kuungua, au gurudumu moja lina moto kuliko mengine, asimame. Mkono usogezwe karibu tu, usiguse chuma.

Neno moja kwa mafundi wetu wa gereji. Laini nyingi za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi la asbesto huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Msipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Futeni kwa kitambaa cha maji, na mdomo na pua vifunikwe kwa barakoa nzuri.

Sasa niseme kwa nini mambo haya ni ya Chama, si ya gereji tu.

Jirani yangu mmoja ni dereva wa gari la kuchukua wafanya kazi. Kampuni sitaitaja. Jumatatu moja alimwambia msimamizi kwamba gurudumu la nyuma la kushoto linasaga. Akajibiwa, "Maliza juma hili, mwisho wa mwezi tutaangalia." Jumatano akasema tena. Alhamisi akakataa kulitoa gari. Ufunguo akapewa mtu mwingine, naye akakaa nyumbani siku tatu bila mshahara. Gari lilipofunguliwa mwishowe, laini ilikuwa imekwisha mpaka kwenye misumari yake, na misumari imechora dramu mifereji. Hakuna aliyemrudishia siku zake tatu. Nami nauliza, dereva wa pili akisikia sauti kama ile, je, atafungua kinywa? Msimamizi yule alifikiri ameokoa safari chache. Kwa kweli aliwafundisha madereva wake wote kuwa viziwi.

Na kwenye matatu ni hivyo hivyo. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Akilaza gari nusu siku, hesabu haitimii, na kesho wako kumi wanaotaka usukani ule. Tusimlaumu dereva peke yake. Aliyempangia hesabu isiyo na nafasi ya matengenezo ndiye anayekanyaga mafuta pamoja naye.

Wenzetu wa reli wamelipa gharama ya breki kwa damu. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, gari la abiria lililochukua watu zaidi ya 1,200 lilipata shida ya breki mlimani. Likaanza kurudi nyuma kwa kasi lisizuilike, likagongana na gari la mizigo. Walikufa watu 281.

Na zamani zaidi, tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh, Ireland, gari la watu waliokwenda kutembea na watoto wao lilikwama mlimani. Watumishi wake wakakata mabehewa ya nyuma ili wapeleke ya mbele kwanza. Breki za gari lile zilikuwa za namna ambayo ukikata mabehewa, hupoteza nguvu zake. Mabehewa yakarudi nyuma, yakagonga gari lililokuwa likifuata, wakafa watu kama 80. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba magari yote ya abiria yawe na breki ambayo ikikatika hujifunga yenyewe. Breki hiyo ilikuwako tayari. George Westinghouse wa Marekani alikwisha kuitengeneza katika miaka ya 1870. Makampuni yaliijua, lakini mengi hayakutaka gharama, mpaka watu walipozikwa.

Lori la breki za hewa leo lina akili hiyo hiyo, kwa kuwa hewa ikiisha kabisa springi hufunga magurudumu ya nyuma. Lakini matatu ndogo na motokaa hazina springi ya namna hiyo. Mafuta yakivuja yote au yakichemka, hakuna kinachojifunga. Ndiyo maana nasema sauti ni kitu kikubwa. Katika gari dogo, masikio ya dereva na ya abiria ni sehemu ya breki.

Wako watakaosema, "Ukimpa dereva ruhusa ya kukataa gari, kila mvivu atasikia sauti." Jibu ni rahisi. Gurudumu hutolewa kwa muda mfupi, na pedi hupimwa kwa rula. Kama dereva amedanganya, itaonekana saa ile ile. Kama amesema kweli, itaonekana vile vile. Mwenye kuogopa kufungua gurudumu ndiye mwenye jambo la kuficha.

Tena sheria ya nchi haiko upande wa msimamizi wa namna ile. Sheria ya trafiki ya Kenya inakataza gari bovu kutumiwa barabarani. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi ampashe msimamizi wake habari ya hatari kubwa, na inakataza afukuzwe au aadhibiwe aliyeacha mahali pa hatari hali ana sababu ya haki. Sheria iko. Lakini sheria iliyo kabatini haisimamishi gari.

Kwa hiyo naomba Chama na wanachama tushike mambo manne.

1. Kila gari la kuchukua wafanya kazi liwe na daftari. Dereva aandike sauti aliyoisikia, siku na saa, na gurudumu. Fundi aandike alichokiona, atie sahihi. Neno la mdomo hukanwa, daftari halikanwi.

2. Breki zijaribiwe kila asubuhi kabla ya abiria kupanda. Dereva akanyage pedali aone kama inasimama juu, atembeze gari polepole, afunge breki, asikilize na redio imezimwa. Haichukui hata dakika tano.

3. Katika mapatano yetu na wenye kazi iandikwe kwamba dereva aliyeandika ubovu wa breki asikatwe mshahara siku gari linapotengenezwa, na mtu mwingine asipewe ufunguo mpaka fundi atie sahihi.

4. Sisi abiria tuseme. Tusimtukane dereva mbele za watu. Tumwambie kwa adabu, "Ndugu, gurudumu la nyuma linasaga, na tungoje litazamwe." Mmoja akisema ataitwa mwoga. Wakisema kumi na wanne, gari litasimama.

Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Katika sekunde moja ya kutafuta breki isiyokuwapo, umekwisha pita urefu wa nyumba mbili tatu, na walio mbele yako kwenye mzunguko wa Changamwe ni akina mama wauza mahamri na watoto waendao shule. Hao hawakuisikia breki yako ikilia juma zima. Wewe uliisikia.

Wenu katika Chama,

Mfanya kazi wa Reli,
Changamwe.