Motokari ya zamani ikivuma, tuanze na tiyo ya moshi

Katika miji yetu wako watu wanaotunza motokari za zamani kwa moyo wote: Peugeot 404, Peugeot 504, Volkswagen yenye motere nyuma. Ni jambo zuri. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa mwaka 1960, na ile inayotembea leo mara nyingi ina umri kupita bwana wake. Lakini ukitoka nayo Lubumbashi mpaka Likasi, kilometa 120 hivi, unashuka kichwa kikivuma kama ngoma. Mwenye motokari anakwenda sokoni, ananunua kapeti na sponji ya matelasi, anafunika chini kote. Amefunika ugonjwa, na ugonjwa uko pale pale.

Motere ya silinda 4 ikizunguka mara 3000 kwa dakika, inatupa moshi mara 100 kila sekunde. Hiyo ni sauti nene. Chumba cha motokari nacho kina sauti yake, kama chupa ukiipuliza mdomoni. Sauti hizo mbili zikikutana, masikio yanabanwa. Ndiyo sababu mvumo unakuja kwa mwendo fulani tu, ukiongeza ao ukipunguza unapotea. Sponji haizuii sauti nene. Wakati wa mvua inakunywa maji, na bati la chini linaoza bila mtu kuona.

Basi tulale chini ya motokari kwanza, ikiwa imepoa na kuwekwa juu ya vigogo imara, si juu ya kriki peke yake. Tiyo ya moshi inaning'inizwa kwa kaushu. Kaushu ikikatika, fundi wa kando ya barabara anafunga waya. Waya ule unapeleka kila pigo la motere katika bati, na bati linaimba. Kaushu mpya ni ya bei ndogo kuliko kapeti. Tazameni pia kama tiyo inagusa bati mahali popote, na kama kaushu zinazoshika motere zimekauka ao zimelowa mafuta.

Kisha silansie. Vijana wengine wanaikata kusudi, wakisema motere inapata nguvu. Katika motere ya zamani isiyobadilishwa, nguvu hiyo mguu hausikii. Anayesikia ni jirani aliyetoka zamu ya usiku na anayetafuta usingizi saa nne ya asubuhi.

Lakini neno kubwa ni hili: tundu linalotoa kelele linatoa gazi vilevile. Oksidi ya kaboni haina harufu, haina rangi. Inashikana na damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi unakuja. Motokari ikitembea, hewa ya nyuma inavutwa ndani kupitia kifuniko cha sanduku la mizigo ambacho kaushu yake imekwisha. Baba yuko mbele, dirisha wazi. Watoto wamekaa nyuma, na bibi anasema wamelala vizuri safari nzima. Tunaomba kila mzazi aulize kama ule ni usingizi kweli. Mtoto akiumwa kichwa ndani ya motokari na akipona akishuka, msiipande tena mpaka tiyo ipigwe sudire ao ibadilishwe.

Wenye Volkswagen wasikie zaidi. Joto lake linatoka kwenye hewa inayopita kando ya tiyo za moshi, ndani ya sanduku za bati. Zikitoboka kwa kutu, yule anayefungua joto asubuhi za baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 anajiletea moshi mwenyewe.

Na masikio? Wataalamu wengi wanaweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zikiongezeka, saa zinakatwa nusu. Motokari yenye silansie nzima haifiki hapo. Lakini mtu aliyeshinda karibu na mashini ya kusaga mawe, masikio yake yanahitaji kupumzika, wala si kupata zamu ya pili njiani. Wengine wanavaa vizibo vya kazini wakiendesha. Tunakataa kabisa. Vizibo vinapunguza sauti nyembamba kuliko nene, kwa hiyo mvumo unabaki, na honi ya treni kwenye njia ya reli ndiyo inayopotea.

Tiyo ikiwa nzima, sasa nunua vitu vya ndani. Gonga bati: likilia kama sufuria, bandika kipande cha lami katikati, robo ya bati yatosha. Kapeti nzito inafuata, na kaushu mpya za milango. Ukikuta kitambaa cheupe cha nyuzi karibu na tiyo ao gasketi ya zamani, usiikwangue kavu wala kuipuliza. Inaweza kuwa amianti. Ilowesheni maji kwanza.

Mwisho, usiku, mtu mmoja akae ndani gizani, mwingine amulike kwa tochi upande wa motere na chini. Kila mahali mwanga unapopita, kelele na gazi vinapita. Tieni alama ya chaki, mzibe kesho yake.