Usiniambie Niamke Saa Kumi na Moja

Kuna wakati nilianzisha chalenji ya siku 30. Labda uliiona. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia, pushapu 100, maji lita tatu, kila siku na video yake. Nilifika siku ya tisa. Siku ya kumi nililala mpaka saa nne, nikafuta video zote na kuambia watu simu iliharibika. Simu ilikuwa sawa kabisa.

Naanza na hiyo ndio ujue anayeandika hapa si kocha. Mimi ni kijana wa Kibera niliyeacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kwa miezi kadhaa baada ya hapo kazi yangu kubwa ilikuwa kulala chali nikihesabu misumari kwa mabati. Najua vile mtu anaweza kutafuta motisha kwa simu masaa sita mfululizo na bado akose nguvu ya kutandika kitanda.

Sasa, hawa watu wa motisha wana wimbo mmoja: amka mapema, wenye bidii wako macho saa hii. Sawa. Njoo usimame kando ya reli pale Laini Saba hiyo saa kumi na moja. Utaona laini ya watu wakienda Industrial Area kwa miguu, wengine na kazi, wengine wakienda tu kusimama getini waone kama wataitwa. Nenda Kawangware, utapata akina mama wakitoka Gatina na Congo kwenda Lavington kufua nguo za watu. Kama kuamka mapema ndiyo siri ya maisha, hawa wangekuwa matajiri wa Nairobi. Mtaani kwetu nidhamu haijawahi kuwa shida. Shida ni ushauri ulioandikiwa mtu mwenye bafu ndani ya nyumba.

Chukua hayo maji lita tatu. Sisi ni watu watano. Hiyo ni lita 15 kwa siku, robo tatu ya mtungi wa lita 20, na mtungi tunanunua. Halafu ukishayanywa, choo ni cha kulipia na usiku hakuna anayetoka ovyo. Kukimbia gizani? Mimi naweza kujaribu. Dada yangu hawezi, na wewe unajua sababu. Pushapu ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi ambamo wengine bado wamelala, jaribu uone utakanyaga nani.

Lakini nisije nikakupa kisingizio. Mimi nilikitumia hicho kisingizio mwaka mzima na kikanikalia vizuri tu. Kilichonitoa hapo ni mathe.

Mathe hutembea kwenda kazini Kilimani, dakika kama arobaini kwenda na arobaini kurudi, siku sita kwa wiki. Piga hesabu: dakika 480. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa mwaka 2020, linamwambia mtu mzima atafute dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwenda kazini kumo ndani ya hesabu. Mathe amepita hapo mbali, na hajawahi kuvaa raba. Siku moja mhudumu wa afya ya jamii akapita plotini na ile mashine ya presha, wale waliopewa vifaa vyao mwaka 2023. Akampima mathe, akanyamaza, akampima tena. 178 kwa 104. Presha ikifika 140 kwa 90 tayari ni ya juu.

Kumbe dawa alikuwa amepewa miezi mingi nyuma. Aliacha. Nikamuuliza kwa nini. "Si nilikuwa najiskia poa? Dawa ni za mgonjwa."

Hapo ndipo niliona vile tunakosea. Nilikuwa nafundisha wageni pushapu, na nyumbani kwangu mtu anayetembea kuliko mimi alikuwa anakaribia kupata stroki kwa sababu ya kidonge kimoja cha asubuhi. Mathe hakuhitaji mazoezi, alikuwa nayo mpaka yamezidi. Alihitaji kidonge kila siku, chumvi kupungua kwa sukuma, na mtu mwingine wa kuteka maji jioni ndio akae chini. Chumvi ndiyo ilileta vita. Tumekubaliana isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja kwa siku, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema, na ndugu yangu bado analalamika chakula ni cha hospitali.

Kidonge tulikiweka ndani ya mkebe wa majani chai. Mathe anaweza kusahau jina langu lakini chai ya asubuhi hasahau. Akifungua mkebe, hicho hapo. Hatukutumia alamu wala motisha.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliotoka mwaka 2009, na nikacheka kwa sababu mathe alikuwa amenitangulia. Walifuata watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua kitu kimoja kidogo na kukifunga kwa kitu anachofanya kila siku, kama kula tunda na chakula cha mchana. Unaskia hii stori ya siku 21? Isahau. Katikati ilikuwa siku 66, na makadirio yalianzia 18 mpaka 254. Halafu kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Hiyo ndiyo sehemu ningependa mtu angeniambia siku ya kumi ya ile chalenji yangu. Nilikosa siku moja nikajiona bure, nikatupa na zile tisa.

Hata Eliud Kipchoge, ambaye kila mtu wa motisha anabandika picha yake ya Vienna 2019, ile saa 1:59:40, amesema mara nyingi kwamba mazoezini hajitumi asilimia 100. Anabakisha. Na anaandika mazoezi yake kwa daftari. Daftari halipendezi kwa video, ndio maana hakuna anayelitaja.

Basi kitu changu nilikifunga kwa maji. Sasa mimi ndiye nateka jioni. Mtungi ukiwa unajaa kwa bomba, nachuchumaa na kuinuka mara kumi. Wasee walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu kulikuwa na watoto wawili wananihesabia, na wanaiba, wananirukisha kutoka nne mpaka saba. Inachukua chini ya dakika mbili. Zamani washauri walisema mazoezi yasiyofika dakika kumi mfululizo hayahesabiki. Ule mwongozo wa 2020 uliondoa hilo sharti.

Kisha Jumamosi naenda kwa shangazi Kawangware, anauza chapati pale 46. Nilianza kwenda kwa miguu kwa sababu sikuwa na nauli, si ati kwa ajili ya afya. Natoka Olympic, napitia Jamhuri, natokea Ngong Road, Dagoretti Corner, nashika Naivasha Road. Mwendo wa saa moja hivi. Siku hizi nauli nikiwa nayo bado natembea, maana kichwa kinatulia nikifika Dagoretti Corner, na sijui dawa nyingine iliyonifanyia hivyo tangu niache chuo. Shangazi huuliza swali moja tu: "Umetembea tena?" Halafu ananipa chapo mbili na madondo, kwa hivyo kama unatafuta stori ya kupunguza kilo, umepotea njia.

Jana mvua ilinyesha, matope mpaka kwa kifundo, na bombani kulikuwa na foleni ndefu. Nilifanya tatu badala ya kumi. Yule mtoto alihesabu kumi.