Kasha la Injini Halitengenezwi kwa Nyundo



Kila fundi wa pikipiki wa Katwe, hapa Kampala, amewahi kusikia maneno haya: "Ibane tu, nina haraka." Mteja huonyesha mahali injini inapovuja, na mwenye karakana humwahidi kwamba jioni itakuwa tayari. Fundi, ambaye ndiye atakayefanya kazi, haulizwi. Maoni yangu ni kwamba lazima aulizwe, na asipoulizwa asibebeshwe lawama.

Nazungumzia hasa pikipiki za zamani za njia za vumbi na matope, kama vile Yamaha za jamii ya DT, zilizoanza na DT-1 ya mwaka 1968, na Honda za jamii ya XL za miaka ya 1970 na 1980. Katika nchi zetu pikipiki za namna hiyo ziliwabeba mabwana shamba, waganga na mapadri kule ambako gari halifiki. Zilizobaki zimezeeka. Wengine bado wanazitumia kwa kazi, na wengine wanazitengeneza upya kwa sababu wanazipenda. Wote hukutana na shida moja: kasha la injini, yaani keisi, limechakaa, na kupata jipya ni bahati nasibu.

Hata ukipata kasha kuukuu, mambo hayajaisha. Nusu mbili za kasha zilichongwa kiwandani pamoja, kama pacha. Ukichukua nusu ya kushoto ya injini moja na ya kulia ya injini nyingine, huenda matundu ya beringi yasitazamane sawasawa. Tena namba ya injini, ambayo imeandikwa katika kadi ya pikipiki, imegongwa juu ya kasha lenyewe. Kwa hiyo mara nyingi njia ya haki ni kulitengeneza lile lile lililopo.

Kasha huchakaaje? Beringi ikianza kukwama, huzunguka ndani ya tundu lake na kuila alumini, kwa maana alumini ni laini. Cheni ikikatika hujikunja kwenye gia ndogo ya mbele na kuuvunja ukuta wa kasha. Bolti ya kumwagia oili ikikazwa kupita kiasi, hung'oa meno yaliyomo ndani ya kasha. Na katika injini ya mipigo miwili, kasha si sanduku tu la kuhifadhi gia. Sehemu ya krenki ndiyo inayovuta hewa na petroli na kuzisukuma juu kwenye silinda. Ikiwa na ufa, huvuta hewa ya ziada, petroli na oili hupungua, na pistoni huungua. Uvujaji mdogo huiua injini nzima.

Sasa tazameni njia ya mkato. Fundi huambiwa achukue pointi na nyundo, apige vishimo kuzunguka tundu la beringi ili alumini ifure, kisha ailazimishe beringi iingie. Siku hiyo hukaza vizuri. Lakini beringi imekalia vichuguu vichache tu, haikukalia ukuta mzima. Vichuguu vile hulika upesi, na tundu hubaki baya kuliko mwanzo.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya mwenyewe, kwa amri, katika karakana moja nisiyoitaja. Niliposema kwamba tundu limeliwa, niliambiwa kwamba mimi ni mvivu. Pikipiki ilirudi baada ya majuma matatu, krenki imeharibika. Gharama ikakatwa katika mshahara wangu. Aliyetoa amri hakukatwa hata senti moja. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao; siku ile mimi nilikula janga alilolichuma mwingine.

Kazi yenyewe inajulikana. Kwanza kasha lisafishwe mpaka oili iliyoingia katika nyufa na vitundu itoke, maana juu ya oili hapachomeleki. Tundu lipimwe. Likiwa limeliwa, lichongwe kwa mashine liwe duara tena, litiwe bushi, kisha bushi ichongwe kwa kipimo cha beringi, nusu mbili zikiwa zimefungwa pamoja. Ufa uchomelewe kwa gesi ya agoni, kasha likiwa limepashwa moto polepole na kufungwa juu ya bamba nene ili lisipinde.

Na beringi haigongwi. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma. Tundu la milimita 52 likipashwa kutoka nyuzi 25 mpaka 120 za sentigredi, huongezeka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Basi beringi baridi huingia kwa kusukumwa na kidole. Hakuna uchawi hapo. Kuna kipimo, joto na subira. Lakini ni kazi ya siku mbili tatu, na anayeuza jioni moja anauza muda wa fundi ambao hakuulipia.

Liko na jambo zito kuliko mshahara, nalo ni afya. Baadhi ya dawa za kusafishia vyuma zina klorini. Kasha likisafishwa kwa dawa hiyo na kuchomelewa kabla halijakauka, mwako wa kuchomelea unaweza kuzaa gesi ya fosijini, ambayo iliwahi kutumiwa vitani kuua watu. Anayeivuta anaweza kwenda nyumbani akijiona mzima, akazidiwa usiku. Gasketi nyingi za zamani zilitiwa asbestosi, na vijana wanaojifunza kazi huzikwangua zikiwa kavu huku wakipuliza vumbi kwa mdomo. Tena si kila kasha ni la alumini. Pikipiki kadhaa za mashindano za miaka ya 1970, kama Husqvarna za mwaka 1974, zilikuwa na makasha ya magnesiamu. Unga wake wa tupa ukishika moto, kuumwagia maji ni kuuchochea. Huo huzimwa kwa mchanga mkavu au unga maalumu.

Hatuombi hisani. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi namba 162 wa mwaka 1986 unahusu kuwalinda wafanyakazi na asbestosi. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imemtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Karakana ndogo haimo nje ya sheria kwa kuwa ni ndogo.

Kwa hiyo napendekeza chama chetu kisimamie mambo matatu. Kwanza, kila kasha lipimwe na fundi kabla mteja hajaahidiwa siku wala bei, na vipimo viandikwe. Pili, fundi aliyepinga njia ya mkato akalazimishwa, asikatwe mshahara kazi inaporudi. Tatu, barakoa zinazofaa, hewa ya kutosha na ndoo ya mchanga mkavu viwepo kabla ya moto kuwashwa, na vijana wanaojifunza wafundishwe hatari hizi kabla ya kupewa nyundo.

Najua wako watakaosema kwamba mteja ni maskini na hawezi kulipia siku tatu. Ni kweli hana fedha nyingi. Ndiyo maana hafai kulipa mara mbili: leo kwa vishimo vya nyundo, na mwezi ujao kwa krenki. Aambiwe ukweli, achague mwenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kasha tunajua kuuziba. Ufa uliopo kati ya anayeamuru na anayelaumiwa, huo hatutauziba mmoja mmoja, bali sote kwa pamoja.