Uso Si Ukuta wa Kupakwa Chokaa

Wako miongoni mwetu wapenzi wa kupiga picha kwa kujifurahisha wasemao kuwa kuufanya mweupe uso wa mtu ndani ya kompyuta ni adabu ya kazi, kama kumpangusa mgeni vumbi kabla hajaingia barazani. Nimelisikia neno hili mara nyingi, tena kwa vinywa vya watu niwapendao, na kwa muda mrefu nililinyamazia. Leo nalikataa.

Shangazi yangu alipofariki, jamaa walitaka picha yake ikuzwe itundikwe ukutani. Ilipelekwa katika studio moja, ambayo sitaitaja, ikarudi katika fremu nzuri. Aliyekuwamo ndani ya fremu ile alikuwa mwanamke wa rangi ya maji ya kunde, hali marehemu alikuwa mweusi kama mpingo. Kovu la juu ya nyusi, lililokuwa alama yake, halikuwapo. Wala mikunjo ya kando ya macho, aliyoipata kwa kucheka, haikuwapo. Picha ya asili haikurudi. Mwenye studio alipoulizwa alijibu kwa upole kwamba ametusaidia. Basi wajukuu waliozaliwa baadaye humwita bibi mtu ambaye hakuzaliwa kamwe.

Wanaonipinga wana majibu. La kwanza ni kuwa picha zimebadilishwa tangu zamani, nami sikatai. Gustave Le Gray, Mfaransa, alipopiga picha za bahari katika miaka ya 1856 na 1857, dawa ya wakati ule ilishika samawati upesi mno hata mbingu zikaungua. Ndipo akapiga bahari peke yake na mbingu peke yake, akaziunganisha katika karatasi moja. Alirudisha mawingu ambayo jicho huyaona na kioo hakiwezi. (Mara nyingine mbingu ile ile aliitumia kwa bahari zaidi ya moja, na hapo nami namtilia shaka.) Lakini mwaka 1982 gazeti la National Geographic lilipozisogeza piramidi za Giza ili zienee katika jalada la wima, lililaumiwa sana. Ikiwa mawe yaliyosogezwa yalistahili lawama, je, uso wa shangazi yangu haustahili hata mnong'ono?

Jibu la pili lina uzito zaidi. Wasema kuwa kamera yenyewe haikutengenezwa kwa ajili yetu, kwa hiyo lazima isahihishwe. Naam, ni kweli. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa Shirley. Na miongoni mwa malalamiko yaliyosikilizwa mapema ni ya wenye viwanda vya chokoleti na samani, ambao kahawia ya bidhaa zao haikutoka vema. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Chokoleti ilitangulia kuonewa huruma kuliko watu! Lakini tazama mnavyolitibu kosa hilo: filamu ilishindwa kumwona mtu mweusi, nanyi, badala ya kuifundisha kamera kumwona, mwamwondoa yeye.

Yafaa tujifunze kazi. Kipima mwanga kilichomo katika kamera hakijui mtu wala ukuta; hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kirudishacho yapata asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa adhuhuri: kipimo hushitushwa na ukuta, mwanga hupunguzwa, na uso huzama gizani. Asiyejua hulaumu rangi ya mtu, kisha huusugua uso kwa programu kama asuguaye sufuria. Dawa haina gharama. Mtoe mwenzako katika jua la utosi, mkalishe barazani ambapo mwanga humjia ubavuni. Pima mwanga usoni pake, si ukutani, na ukuta ukiungua na uungue. Tena hifadhi picha ghafi kama kamera yako yaweza, kwa kuwa faili ya JPEG hubakiza ngazi 256 tu za kila rangi, hali picha ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na penye ngazi nyingi vivuli huinuliwa bila kuchafuka. Kuinua vivuli humtoa mtu gizani. Kubadili rangi yake na kufuta makovu yake humweka mwingine mahali pake, na simu nyingi za siku hizi hufanya hivyo zenyewe, bila kuulizwa, kwa jina la urembo. Uzime urembo huo.

Na asili ya picha isifutwe kamwe, hata kama mwenyewe ameomba apambwe.

Sisi tulibakiwa na picha moja tu, ya arusi, iliyopigwa na mtu asiye fundi. Shangazi amesimama nyuma, mlangoni, kivulini, uso wake hauzidi punje ya hindi. Juzi niliikuza katika kompyuta, nikainua kivuli kidogo kidogo, rangi nisiiguse. Chembechembe zilikuwa nyingi, na kanzu ya bwana arusi iliungua kabisa. Lakini juu ya nyusi kovu lilionekana.