Ng'ombe si Mungu wa Wadinka

Miongoni mwa mambo yanayorudiwa kuhusu Sudan Kusini, mimbarini na hata katika ofisi za Juba zinazopanga usalama wa nchi, hakuna lililo potofu kuliko dai kwamba Wadinka na Wanuer huabudu ng'ombe. Wanaolirudia huamini wanaeleza dini ya watu hao, ilhali wameitwaa alama na kuiketisha mahali pa kile inachokiashiria. Mwaka 1926 mwanaanthropolojia Mmarekani Melville Herskovits aliandika juu ya mfumo mzima wa mila zinazomzunguka ng'ombe katika Afrika Mashariki, lakini hoja yake ilipotoka vitabuni ilifika kwa watu wengi ikieleweka kama ugonjwa wa akili wa wafugaji, na tangu hapo mfugaji amekuwa akitazamwa kama mtu aliyepumbazwa na mifugo yake.

Ushahidi unaolivunja dai hili uko wazi. Mwaka 1999, baada ya miaka minane ya mauaji yaliyofuata mgawanyiko wa jeshi la waasi la SPLA wa 1991, Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha wazee, wanawake na machifu wa Wadinka na Wanuer katika kijiji cha Wunlit, Bahr el Ghazal, na hapo akachinjwa Mabior, fahali mweupe, ili kulifunga agano la amani kwa laana ambayo ingempata yeyote miongoni mwa walioapa endapo angelivunja. Fahali huyo hakuombwa chochote wala hakusujudiwa. Alibeba neno la watu mbele ya Mungu, na uzito wake ulitokana na uhai wake uliotolewa. Wakristo walioandaa mkutano huo hawakuona kwamba wanashiriki ibada ya sanamu, na walikuwa na haki ya kutoona hivyo.

Mwanaanthropolojia Godfrey Lienhardt, katika kitabu chake cha 1961 kuhusu dini ya Wadinka, anaonyesha kwamba maneno ya dhabihu huelekezwa kwa Nhialic, yaani Mungu wa juu, na kwa nguvu za koo ziitwazo yeeth, huku mnyama aliyefungwa kwenye kigingi akiwa ndiye anayebebeshwa maradhi ya mtu ili aondoke nayo. Naye E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu cha 1956, anaeleza kwamba Mnuer asiye na mnyama wa kutoa aweza kupasua tango akaliita ng'ombe, na dhabihu ikakubalika, ingawa hakuna Mnuer atakayemwita ng'ombe tango. Anayeabudu mnyama hawezi kumbadilisha na tunda la shambani. Anayemtumia mnyama kumfikia Mungu anaweza, kwa sababu kinachotazamwa ni nia na uhusiano. Ndivyo ilivyo pia kwa ukoo unaomheshimu simba au mamba: heshima hiyo huelekezwa kwa roho inayohusishwa na mnyama na ukoo, na mamba wa mtoni anabaki kuwa mamba.

Anayetaka kumwona mnyama aliyegeuzwa picha tupu atamkuta karibu zaidi na serikali. Mwaka 2010 maofisa wa Juba walitangaza mpango wa kuujenga upya mji huo kwa umbo la kifaru, mnyama aliyekuwa kwenye bendera ya jimbo, wakati kifaru mweupe wa kaskazini alikwisha kutoweka katika mbuga za nchi hiyo hiyo. Dume wa mwisho, aliyekamatwa katika eneo la Shambe, nchini humo, mwaka 1975, alikuwa akitunzwa Kenya, ambako alikufa Machi 2018.

Madhara makubwa ya dai la ibada ya ng'ombe yako kwenye umwagaji damu. Akishaitwa mungu, ng'ombe hulaumiwa kwa kila uvamizi wa kambi za mifugo, na bunduki zilizogawiwa kwa vijana tangu vita vya 1983, mahari inayolipwa kwa mifugo na wanasiasa wanaotumia chuki za jirani hupotea machoni pa mpangaji wa usalama. Kwa desturi ya Wanuer, anayeua hupata unajisi wa damu, hawezi kula wala kunywa na ndugu wa marehemu, na uadui hutulizwa kwa ng'ombe wa fidia wanaotolewa mbele ya kuhani wa ardhi. Mwanaanthropolojia Sharon Hutchinson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, anaeleza jinsi makamanda walivyojitahidi kuwaaminisha wapiganaji kwamba anayeua katika vita vya serikali hapati unajisi huo wala hahitaji kufidia kwa ng'ombe. Kilichoondolewa hapo ni kizuizi, nacho kilikuwa cha kidini, na kilisimama juu ya ng'ombe yule yule anayeshutumiwa leo kuwa chanzo cha mauaji.